Nyuzi Nyembamba za Mizani

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ndivyo wanavyosema wale ambao kazi yao ni kulileta. Tangu tumzike mume wangu nimeletewa mengi mpaka sebuleni kwangu, na walioyaleta wakanywa chai yangu juu yake. Nimeambiwa kwamba miaka yake ya mwisho bendi ilikuwa ikimbeba. Kwamba vidole vyake vilikuwa vimekwisha, akaachiwa kiti cha gitaa la solo kwa huruma tu, kama mzee anavyoachiwa kiti cha mbele kwenye basi. Kwamba mimi, mkewe msomi, ndiye niliyemfungia nyuzi za kitoto ili aaibike, aache muziki, akae nyumbani anisomee gazeti. Na kwamba nilikuwa nikimpaka gundi vidoleni.

Sikumpaka gundi. Nianze na hilo, kwa kuwa ndilo linalopendwa zaidi saluni. Ilikuwa rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, mali ya binti yetu, na alijipaka mwenyewe. Mengine nayo nitayanyoosha, mara moja tu na kwa maandishi, maana maneno ya mdomo katika ukoo huu yana tabia ya kunenepa njiani.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa mizani. Siku za kazi alizunguka sokoni, kwenye mabucha na kwenye maghala ya nafaka, na sanduku lake la mawe ya kupimia yaliyolazwa kwenye kitambaa cha bluu kama watoto wachanga. Kila alipopita, nyama ilipata kilo yake kamili, na kwa sababu hiyo hakuwa na marafiki wengi. Mchinjaji mmoja alimwuliza mbele yangu, "Wewe bwana, hata salamu unaipima?" Akajibu, "Nimeipima. Yako imepungua." Basi wakamwita Mizani, nalo jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Hakuwahi kusoma mizani kwa uongo, hata kwa damu yake. Wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, aliuza unga na mchele. Sisemi kwamba mizani ya wifi ilikuwa na kosa. Nasema tu kwamba kaka yake aliifunga kwa lakiri mbele ya foleni ya wateja, na wifi akalia kwamba nduguye amemvua nguo hadharani. "Sikukuvua," alimwambia. "Nimesoma ilivyosoma." Kama kuna anayejiuliza kwa nini uvumi huu wote una harufu ya unga, sasa amepata pa kuanzia.

Jumamosi alasiri, Mizani alikuwa mtu yuleyule, ila amechomekwa kwenye umeme. Bendi ilikuwa ya ukoo. Aliianzisha marehemu baba mkwe, kwa gitaa kavu, uani, enzi ambazo umeme ulipita juu ya nyumba yao ukienda kwa watu wengine. Kwa kuwa nyuzi za dukani hazikuwa za mtu kama yeye, baba mkwe alifunga waya za breki za baiskeli. Zilikuwa nene, ngumu, na zilimkata vidole mpaka vikaota sugu za kuzimia sigara. Baba mkwe alifanya hivyo kwa ufukara. Wanawe wakaufanya ufukara wa baba kuwa sheria: hata walipoweza kununua nyuzi za dukani, walifunga zile nene kuliko zote.

Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mpiga besi na mwenyekiti wa bendi, anayeitwa Radi. Jina hilo alijipa mwenyewe, kama vyeo vyake vingine. Kila Jumamosi, kabla ya mazoezi, Radi alisimama kwenye mlango wa ukumbi na kumpa kila mpiga nyuzi mkono wa kushoto. Naam, wa kushoto. Mimi nililelewa kujua kwamba mtu hasalimiwi kwa mkono huo, lakini mimi nililelewa. Radi aliushika mkono wako wa kushoto, akapitisha kidole gumba juu ya ncha za vidole vyako, taratibu, macho yakiwa juu kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akatoa hukumu: "Sugu zipo." Ukapita. Asiye na sugu hakupita. Na aliyekuwa nazo zikamwisha, alipewa manyanga.

Manyanga, kwa asiyejua bendi, ni vile vibuyu vyenye mbegu ndani vinavyotikiswa. Si kosa la vibuyu. Lakini katika bendi ile manyanga yalikuwa makaburi ya wapiga gitaa. Binamu yao mmoja alipiga gitaa la rithim ujana wake wote. Vidole vilipomgomea, akawekwa nyuma ya ngoma na vibuyu viwili, akatikisa, akatabasamu kama picha ya kitambulisho, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba mtu yule aliwahi kujua kitu kingine. Mume wangu alimtazama kila Jumamosi. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, na ni hilo tu. Kifo hakikumtisha; alikichukulia kama ukaguzi wa ofisi nyingine.

Basi vidole vikaanza kuuma. Asubuhi nilimkuta jikoni ameshika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili, hanywi, anajipasha moto. Daktari akasema ni baridi yabisi, ugonjwa wa viungo, na kwamba huwa katika familia. Akamshauri apumzishe mkono na aepuke "starehe zisizo za lazima". Tulimshukuru. Nje ya mlango mume wangu akauliza, "Mwalimu, starehe za lazima ni zipi?" Alikuwa akiniita Mwalimu hata chumbani, nami sikuona sababu ya kumsahihisha. Nilifundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi, na wengi wa wanaonisengenya leo niliwafundisha mimi, kwa hiyo najua walipata maksi ngapi.

Nilimwambia, "Tatizo si gitaa. Tatizo ni nyuzi za baba yako."

Hakupenda. Akaenda kazini, akarudi, akala. Kisha akasema, "Thibitisha."

Hiyo ndiyo raha ya kuolewa na mkaguzi. Jumapili tuliondoa vyombo kwenye meza ya jikoni. Akaufunga uzi wake mnene wa kwanza upande mmoja wa meza, akaupitisha juu ya vijiti viwili vilivyoachana kwa urefu wa uzi wa gitaa lake, akaacha ncha ining'inie, na kwenye ncha hiyo akatundika mawe ya mizani, moja baada ya jingine, mpaka uzi ulipotoa sauti yake halisi. Tukafanya hivyohivyo na uzi mwembamba kuliko wote, aliouomba kwa jirani mpiga kinanda aliyekuwa na gitaa la mapambo. Sauti ileile, urefu uleule. Uzi mnene ulidai uzito unaokaribia mara mbili ya ule mwembamba. Akayatazama yale mawe kwa muda mrefu. Mali ya serikali haikupata kutumika kwa uadilifu kama siku ile.

"Kwa hiyo kila ninapobonyeza," akasema, "nabonyeza hayo yote."

"Mara sita, kwa sababu nyuzi ni sita. Na baba yako alihitaji nyuzi nene kwa kuwa gitaa lake lilikuwa kavu. Kelele yote ilitoka kwenye waya na ubao. Lako lina sumaku chini ya nyuzi na amplifaya ya ukubwa wa kabati. Unafanya kazi ambayo umeme umeshalipiwa uifanye."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kwa daktari.

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa kati ya duka la miwani na duka la majeneza, mpangilio ambao mume wangu aliusifu kwamba unafuata umri wa mteja. Dada wa duka alituletea pakiti ya bei kubwa kabla hatujasema tumefuata nini.

"Hizi ndizo wanazotumia mabingwa, mama."

"Mabingwa gani?"

"Mabingwa, mama."

"Wana baridi yabisi?"

Akazirudisha. Mume wangu akainama juu ya kioo akaanza kuuliza kimoja kimoja, kwa sauti aliyotumia kwa wachinjaji. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba seti ya nyuzi huitwa kwa unene wa uzi wake wa kwanza: kuna tisa, kuna kumi, kuna kumi na moja, na kuna kumi na mbili, ambazo ndizo alizokuwa akijiadhibu nazo. Kwamba namba si kila kitu, kuna na kilichozungushiwa zile nyuzi nene: chuma cha pua kinang'aa na kuuma sikio kama sauti ya wifi akidai chenji, na nikeli ina sauti ya joto zaidi na haikwaruzi kidole sana. Kwamba ziko zilizopakwa utando ili jasho lisizioze, zinateleza vizuri, lakini wengine huona zinamziba mtu mdomo. Kwamba katika seti nene uzi wa tatu nao huzungushiwa waya, na katika nyembamba huachwa mtupu, ukabembelezeka, ukakubali kupindwa sauti ipande.

Nilimwambia achukue kumi. Yeye, kwa kuwa alikuwa ameona mawe kwa macho yake, akachukua tisa. Mtu akishagundua ukweli huutaka wote kwa siku moja.

Jumamosi ile ya kwanza sitaisahau, ingawa nimejitahidi. Nilikaa safu ya nyuma ya ukumbi, mahali pangu pa kawaida, na kitambaa changu cha kufuma. Mume wangu alikuwa na mkono uliozoea breki za baiskeli, sasa akaupeleka kwenye nyuzi kama hariri. Alibonyeza kama anayeua kunguni. Kila uzi ulipobonyezwa namna ile ulipanda juu ya sauti yake, kila kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ikatoka imechacha. Na shingo ya gitaa, iliyokuwa imezoea kuvutwa na mzigo ule mzito, ilipoachiliwa ilijinyoosha mpaka nyuzi zikalalia vile vyuma vilivyopangwa shingoni, zikawa zinalia zzz kama kopo lenye inzi.

Mpiga tarumbeta, ambaye wote humwita Shavu, akauliza, "Jamani, nani kaleta mbu?"

"Mdogo wangu," Radi akasema katikati ya wimbo, "unaumwa?"

"Waya ya umeme," mume wangu akajibu. Na kweli waya ya umeme ilikuwapo.

Wakati wa mapumziko nilimwona Radi anayachukua manyanga kwenye sanduku, anayatikisa kidogo, anayarudisha. Kisha akamwita Shavu amfungulie soda. Radi alikuwa ameanza siku hizo kupenda kufunguliwa soda, kubebewa besi mpaka jukwaani na kufungwa vifungo vya shati na mkewe mlangoni. Mimi niliona ni ukubwa tu umempanda.

Tulirudi dukani. Safari hii Mizani alichukua kumi, za nikeli, tena zile ambazo nyembamba ni nyembamba na nene zimeachwa nene kidogo, ili chini pawe na kifua. Sikusema "nilikwambia". Nilivuta pumzi tu, naye akasikia. Alipofika nyumbani alilaza gitaa kwenye meza ileile, na kwa ufunguo mdogo akakilegeza kile chuma kinachopita ndani ya shingo, robo ya mzunguko, akaangalia kwa jicho moja kama anayekagua mizani ya sonara, akaongeza kidogo, mpaka nyuzi zikaacha kugusa pasipotakiwa. Sumaku akazisogeza juu kidogo kuzifuata nyuzi. Kisha akaufundisha mkono wake upya. Kwa wiki nzima nilimsikia chumba cha pili akirudia noti moja, kwa wepesi, kwa wepesi zaidi. "Kama unaweka lile jiwe dogo kabisa kwenye sahani," aliniambia. "Ukilidondosha, umeharibu kipimo. Unaliacha tu likae."

Sasa wale wanaosema alibebwa, naomba wasogeze viti. Jumamosi iliyofuata walipoingia kwenye ule wimbo wa mwisho ambao baba mkwe aliwaachia, solo ikatoka pale mbele safi, nene, ya joto, kila noti na nafasi yake, na alipoupinda ule uzi wa tatu ulipanda kama mtu anayeuliza swali analojua jibu lake. Mwimbaji aligeuka kumtazama akasahau ubeti. Radi alitoa leso. Wimbo ulipokwisha akaipungia bendi nzima ile leso.

"Mnasikia? Mnasikia, nyinyi? Hizo ndizo nyuzi za Baba! Hapo hakuna ujanja wa dukani. Hizo ni sugu zinaongea!"

Mume wangu hakusema kitu. Hakudanganya. Katika ukoo huu anayenyamaza huhesabiwa amekubali. Mimi mwenyewe nilichumbiwa hivyo.

Shida ikabaki mlangoni. Nyuzi nyembamba hazijengi sugu kama waya za breki, na kila wiki vidole vyake vilizidi kulainika huku kidole gumba cha mwenyekiti kikisubiri. Nilimwambia, "Mwambie kaka yako ukweli." Akasema, "Nikimwambia ataniona mimi ndiye niliyeharibika, si nyuzi. Ataniweka pale nyuma." Basi Jumamosi akaiazima chupa ya binti yetu, akajipaka ncha za vidole vinne, tabaka juu ya tabaka, akipuliza, na mkono usiotetemeka. Ikikauka inakuwa ngumu, inateleza kama sugu halisi. Binti yetu akamwuliza, "Baba, na za miguu nikupake?" Hakucheka. Mtu anayefunga mizani za watu kwa udanganyifu wa unywele mmoja, anajipaka udanganyifu vidoleni. Niliona uso wake, na sikumshauri tena.

Ilidumu kwa muda wa kutosha kutudanganya kwamba itadumu. Kisha ikaja Jumamosi moja ya joto. Radi akamshika mkono, akapitisha kidole gumba, akasema "Sugu zi—" akaacha. Akafungua kiganja chake. Kulikuwa na kigamba kinang'aa, cha umbo la ncha ya kidole, kimemganda.

"Nini hii?"

Shavu akachungulia. "Magamba, bosi. Anageuka samaki."

Radi akakinusa. "Kinanuka saluni." Akaushika tena mkono wa mdogo wake, akaukwangua, gamba la pili likatoka. Akaupita mlango, akapanda jukwaani, akaufikia uzi wa kwanza wa gitaa la mume wangu, akauvuta kwa kucha. Ukavutika kama jino la mtoto lililolegea.

"Huu! Huu hata kifungo haushoni! Ndiyo unaopigia nyimbo za Baba?"

"Umeusikia Jumamosi zote hizi, kaka," mume wangu akasema. "Kwa huo ulitoa leso."

"Nilikuwa na mafua."

"Mafua gani hayo, bosi?" Shavu akasema. "Yalianza kwenye solo yakaisha kwenye kiitikio!"

Watu wakacheka, na hilo lilikuwa kosa, kwa kuwa Radi akicheka yeye ni mtu mwema na akichekwa ni mwenyekiti. Akalifungua lile sanduku, akayatoa manyanga, akayaweka juu ya kiti cha mume wangu, kiti chake cha miaka yote ile, chenye mto nilioufuma mimi.

"Sugu hakuna, solo hakuna. Ndiyo sheria ya Baba. Kaa nyuma."

Yule binamu wa vibuyu akatazama chini. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nina hotuba yangu ya fizikia ambayo ingemtosha, na ulimi wa kuisindikiza. Mume wangu akanitazama kutoka kule mbele, akatikisa kichwa kidogo tu. Nikakaa.

"Sheria ni ya wapiga nyuzi wote?" akauliza.

"Wote."

"Besi ina nyuzi?"

Radi akautia mkono wa kushoto mfukoni.

"Basi salamu, kaka," mume wangu akasema, akanyoosha mkono wa kushoto.

Hakuna aliyewahi kumkagua mkaguzi wa mlangoni. Mkono wa Radi ulikuwa mfukoni, na ulikaa mfukoni muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu anayesalimiwa. Kisha Radi akautoa, polepole, kama mtu anayetoa kitu cha kuvunjika. Mume wangu akaupokea kwa mikono yake yote miwili. Akapitisha kidole gumba juu ya ncha za vidole vya kaka yake. Akarudia. Akapitisha juu ya viungo, kimoja, kingine. Hapo akasita. Akainua macho, akamtazama kaka yake usoni. Mdomo wa Radi ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa anasubiri kusomwa.

"Sugu zipo," mume wangu akasema, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima.

Akauachia ule mkono taratibu, kama anavyoacha jiwe kwenye sahani.

Radi alisimama pale. Akasafisha koo. Akageuka, akayaona manyanga juu ya kiti, akayaokota kama mtu aliyekuta viatu mezani.

"Nani kayaweka haya hapa?" akanguruma. "Hamuoni ni kiti cha mtu wa solo? Haya, tuanze! Mnapoteza muda wa watu."

Wakaanza. Mume wangu alipiga na nyuzi zake za kumi, za nikeli, vidole vimebanduka magamba, na sikusikia mbu wala inzi.

Njiani nikamwuliza. Mimi ni jiwe hata nisiulize? "Mkono ule, ulisoma nini?"

"Nimeshasoma kwa sauti, Mwalimu. Ulikuwapo."

"Mizani..."

"Ulikuwapo," akasema tena, akanishika mkono, wa kulia, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Tangu siku hiyo salamu ya kushoto mlangoni ilikufa bila matanga. Radi akaanza kupunga mkono kwa mbali, akisema bendi imeendelea. Mume wangu akaketi kwenye kiti chake cha solo mpaka Jumamosi ya mwisho kabla hajalazwa, na siku hiyo mwimbaji alisahau ubeti tena. Kama huko ndiko kubebwa, basi na mimi natafuta wa kunibeba.

Mizani amekwenda zake, lakini wageni hawajaisha. Baada ya msiba shemeji Radi alikuja peke yake, mchana, akakaa kwenye kiti cha mgeni, akashindwa kufungua mlango wa maneno. Mwishowe akauliza kama lile duka la vyombo bado lipo, na kama lina nyuzi laini za besi. Ni kwa ajili ya rafiki yake, akasema. Nilimweleza: achukue za nikeli, asianze na nyembamba kabisa, na akishazifunga alegeze shingo kidogo, kidogo tu, asikurupuke. Akasikiliza kama mwanafunzi mzuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Jina la huyo rafiki hakulitaja, nami nililelewa, sikuuliza. Nikamfungulia soda.

Na juzi akaja wifi. Akanywa vikombe viwili, akasogea karibu, akaniuliza kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani:

"Wifi yangu, sisi ni damu. Siku ile, mkononi mwa kaka mkubwa, marehemu alikuta nini hasa?"

Nilimjibu kama ninavyowajibu nyote mnaosoma. Mtu ambaye hakuwahi kusoma kipimo kwa uongo, hata kwa dada yake, aliushika mkono ule akasema alichosema. Sugu zipo. Zaidi ya hapo sisemi, na chai imekwisha.